Sharti la Kaka

Walipoingia sebuleni kwa Mzee Hudson kule Bura, Festus alilipita kochi kubwa alilotengewa akaomba kiti cha mbao kilichokuwa karibu na mlango. Wenyeji wakadhani ni adabu tu. Festus alikuwa mtu wa Rukanga, fundi wa kujenga matangi ya maji, lakini sifa yake kubwa ilikuwa ulimi. Familia nyingi za upande ule zilimtafuta awe msemaji wao zikienda kuposa, na hakuna aliyekumbuka posa aliyoisimamia ikavunjika.

"Hapana, mzee wangu," Hudson alimkatalia. "Wewe ndiye mdomo wa wenzako. Utakaaje mlangoni kama bawabu?"

Akamshika mkono, akamketisha katikati ya kochi, ukutani kabisa, kati ya Obadiah, mdogo wa Festus, na mjomba wa binti anayeposwa. Mbele yao kulikuwa na meza ya chai, na baada ya meza magoti ya wazee wengine mpaka mlangoni. Festus aliitazama njia ile akajua kwamba kila atakapotaka kutoka, nusu ya chumba italazimika kuinuka.

Safari hii posa ilikuwa ya nyumbani. Ronald, mtoto wa Obadiah, alitaka kumwoa Daisy, kitindamimba wa Hudson. Obadiah alikuwa amefunga duka lake la vifaa vya ujenzi pale Voi siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na homa, na mkewe Rachel alikuwa ameshona nguo mpya. Lois, mke wa Festus, alikuwa jikoni na kina mama.

Mara ya kwanza Festus alitoka mara tu sala ya kufungua ilipokwisha. Mara ya pili alitoka Hudson akiwa katikati ya kuwatambulisha mashangazi. Magoti yakapisha, meza ikasogezwa, vikombe vikagongana. Choo kilikuwa nyuma ya bustani ya mboga. Huko alisimama, mkono mmoja umeshika ukuta, akingoja. Alikuwa amezoea kungoja. Kwa muda mrefu sasa mambo yalikuwa hayohayo: kusimama, matone machache, kurudi, na haja ileile kumshika tena kabla hajaketi. Ila siku hiyo hata matone hayakuja. Chini ya kitovu palikuwa pamejaa na kukaza, na mkanda wa suruali ulimuumiza kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Obadiah alimfuata akasimama nje ya choo.

"Kaka, una nini? Wazee wamenyamaza wanakungoja wewe."

"Tumbo tu."

"Umekula nini?"

"Nimesema ni tumbo, Obadiah."

Habari ya tumbo ilifika sebuleni kabla yake. Aliporudi, mama yake Daisy alikuwa amesimama na kikombe kikubwa cha bati kilichojaa chai ya rangi ya tangawizi. "Kunywa yote, baba, hii inakaza tumbo mara moja," alisema, akabaki hapohapo kuhakikisha. Festus hakuwa ameweka tone la maji mdomoni tangu asubuhi, kwa makusudi. Alikitazama kikombe, akawatazama wazee, akanywa mpaka chini. Hapakuwa na namna nyingine.

Kisha akasimama kusema. Aliwashukuru wenyeji na kusifu mlima wao na maji yake, na wazee wakaanza kutabasamu, maana ndicho walichokuja kusikia. Alipofika penyewe, jasho likamtiririka shingoni na maneno yakamponyoka.

"Kwa hiyo tumekuja kumwomba binti yenu Rachel."

Chumba kizima kikacheka. Rachel, mama ya bwana harusi, alificha uso ndani ya leso. Festus hakucheka. Alikuwa ameinama, mikono yote miwili mezani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu anayetafuta neno. Obadiah alimshika kabla hajaanguka. Walipomwinua kutoka kwenye kochi alikokuwa amerudi kuketi, mama yake Daisy aliona kitambaa chake cha kufuma kina alama ya maji. Akakigeuza haraka, kama mtu anayepanga nyumba yake. Festus alimwona akikigeuza. Maumivu yote aliyokuwa nayo hayakumzuia kuona.

Ronald alileta gari hadi mlangoni. Kutoka Bura kushuka Mwatate, na kutoka Mwatate hadi Voi, Festus alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Lois, na kila tuta la barabarani lilimtoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake.

*

Muuguzi aliyempokea hospitalini alikuwa msichana wa umri wa binti yake. Aliitwa Evelyn.

"Niletee mwanamume," Festus alimwambia.

"Wako wawili, mzee, lakini wameingia na mgonjwa wa ajali. Unaweza kungoja?"

Hakuweza. Aliufunika uso kwa kiwiko, na Evelyn akaingiza mpira wa mkojo kwa mikono isiyo na haraka, akimweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko wa plastiki, Festus alilia. Hakulia kwa aibu. Ilikuwa ni ile nafuu tu, jinsi ilivyokuja yote kwa mara moja.

"Imeanza lini hii shida?" Evelyn aliuliza, kalamu mkononi.

"Wiki iliyopita."

Lois alikuwa amesimama pembeni ameshika koti la suti la mumewe. "Sista, andika miaka miwili," alisema.

"Lois."

"Andika miaka miwili. Na uandike kwamba mwezi wa tatu walikuja kanisani kwetu kupima wanaume, bila malipo. Huyu ndiye aliyeshika maikrofoni. Aliwaita wanaume wa Rukanga mmoja mmoja kwa majina mpaka wakapanga foleni. Ilipobaki zamu yake, akaenda kutafuta mbuzi."

"Mbuzi alikuwa amepotea kweli."

"Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, Baba Wendy. Mimi ndiye niliyemfunga."

Evelyn aliinamisha kichwa akijifanya kukaza plasta pajani mwa mgonjwa. Obadiah, aliyekuwa mlangoni, alitoka nje kucheka.

Baadaye alikuja daktari, mtu mzima aitwaye Kituku, akampima kwa kidole, njia ile ambayo wanaume wa Rukanga waliifanyia mzaha kila walipokutana. Ilichukua muda mfupi kuliko kunyolewa ndevu. Kituku akamweleza kwamba tezi dume limevimba na kuziba njia. Kama uvimbe ni wa kawaida wa umri au ni kitu kingine, damu itasema, lakini si leo, kwa sababu damu ikipimwa mtu akiwa katika hali hii hutoa majibu ya kupotosha. Atumie dawa, akae na mpira, arudi.

"Baba yenu alikufa kwa ugonjwa gani?" Kituku aliuliza.

Festus na Obadiah walitazamana. "Mgongo," Obadiah alijibu.

"Mgongo ulipimwa?"

Hapana, haukupimwa. Ulikandwa, ukaombewa, na mwishoni baba yao hakuweza kuinuka kitandani. Kituku alitikisa kichwa polepole akasema kwamba ugonjwa wa tezi ukisambaa hupenda kukaa mifupani, na mgongo ndio huanza kulalamika. Hawezi kusema ndivyo ilivyokuwa, lakini wanaume wote wa nyumba hiyo waliofikisha miaka arobaini wapimwe.

"Mimi sina shida yoyote," Obadiah alisema.

"Sikuuliza kama una shida," Kituku alimjibu.

*

Nyumbani Rukanga, Festus alivaa koti refu la mvua. Mvua yenyewe ilikuwa haijaonekana tangu mahindi yakauke shambani, na joto la chini ya mlima lilikuwa la kumfanya mtu akae na fulana. Koti lilifunika mfuko uliofungwa pajani. Waliokuja na kazi za matangi aliwaambia ana homa ya matumbo. Jumapili hakwenda kanisani.

Nzomo, mwenye duka la pale njia panda, alimtembelea na kumletea habari.

"Watu wanasema ulichezewa Bura."

"Nani anasema?"

"Kila mtu. Kwamba ulipewa chai na mama mwenye nyumba, mbele ya watu wote, na palepale ukashindwa kutamka hata jina la binti. Kwamba wale watu hawakutaka mtoto wao aolewe huku chini, basi wakakufunga ulimi." Nzomo alivuta kiti karibu. "Ni kweli ulipewa chai?"

"Chai nilipewa," Festus alisema.

Alisema hilo tu, na lilitosha. Nzomo aliondoka akiwa na la kusimulia. Festus alijua anachofanya. Kurogwa kulikuwa na heshima kuliko mpira wa mkojo. Mtu aliyerogwa huonewa huruma, lakini mwenye mpira huchekwa na watoto wa shule.

Maneno yalipanda mlima haraka. Siku chache baadaye Ronald alipiga simu kutoka Voi. Daisy alikuwa analia. Mama yake hatoki nyumbani. Wanawake wa jumuiya wamemkwepa. Mzee Hudson amesema hawezi kumtoa mtoto wake kwa watu wanaomwita mkewe mchawi, na kama kuna kitu alikipokea atakirudisha.

Lois alikuwa anachambua maharagwe. Alingoja mumewe aweke simu chini.

"Yule mama alikigeuza kitambaa chake ili watu wasikuone," alisema. "Nilikuwa mlangoni, nilimwona. Sasa wewe umemwacha aitwe mchawi."

"Sikusema ni mchawi."

"Ulisema chai ulipewa."

Festus alikaa na koti lake mpaka jua likavuka mlima. Halafu akampigia Hudson. Katika maisha yake yote ya kuwasemea watu hakuwahi kufungua mazungumzo vibaya namna ile. Hakutanguliza salamu ndefu wala sifa. Alisema: "Mzee, mimi sikurogwa. Nilikuwa siwezi kukojoa. Ni mwaka wa pili nina shida hiyo na niliificha. Nimewekewa mpira hospitalini, ninao hapa mwilini ninavyokwambia haya. Mwambie mkeo nimemkosea, na nitakuja kumwambia mwenyewe."

Upande wa pili kuku walisikika wakilia.

"Mpira unauma?" Hudson aliuliza hatimaye.

"Kuuma hapana. Unakera."

"Na kile kipimo kingine? Kile wanachosema watu?"

"Nimekwisha kupimwa. Si kitu."

Hudson alikohoa. "Hata mimi siku hizi naamka mara tatu kwa usiku mmoja," alisema, na baada ya hapo wakaongea kwa muda mrefu, wazee wawili, kuhusu mambo ambayo hakuna kati yao aliyewahi kumwambia mwanamume mwingine. Kesho yake Festus alivua koti, akaenda dukani kwa Nzomo mfuko ukionekana chini ya kaptura, akaomba sukari, akamweleza Nzomo kila kitu mbele ya wateja. Wawili walicheka. Nzomo hakucheka.

*

Majibu ya damu yalikuwa mazuri. Uvimbe ulikuwa wa umri tu, dawa zilikuwa zinafanya kazi, na mpira ukatolewa. Siku hiyo Festus alitoka hospitalini akaenda moja kwa moja dukani kwa Obadiah.

Mdogo wake alikuwa anashusha simenti kwenye lori pamoja na vibarua wake. Aliutupa mfuko mmoja begani kama mto wa kulalia, akauweka, akajipangusa vumbi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwahi kulazwa.

"Sasa tumalize mambo ya Bura," Obadiah alisema baada ya kusikia habari njema. "Hudson ameturudishia moyo. Ameomba uje wewe mwenyewe."

"Sitakwenda."

"Kwa nini?"

"Sitakwenda mpaka upimwe."

Obadiah alicheka, kisha akaona kaka yake hacheki. "Mimi siumwi, kaka. Nakojoa kama bomba la zimamoto. Mgonjwa ulikuwa wewe, na hata wewe hukupatikana na kitu."

"Daktari alisema wote."

"Daktari hana duka la kufungua. Unataka niende kuinamishwa kwa ajili ya nini? Na mtoto ndiye unayemwekea mguu njiani? Ronald amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Tafuta msemaji mwingine kama unataka."

Walijua wote wawili kwamba msemaji mwingine hakuwepo. Hudson alikuwa amemtaja Festus kwa jina. Obadiah alipiga mateke mfuko wa simenti. Alimwita kaka yake mtu mbaya, mbele ya vibarua. Festus alikaa juu ya rundo la mabati akangoja. Hakujua kama anafanya haki. Alikuwa anafikiria kitanda cha baba yao, na jinsi walivyokuwa wakimgeuza wakiwa wanne.

Obadiah alikwenda Alhamisi ya wiki ile, akiwa bado na vumbi la simenti kwenye nywele, kusudi aonekane mtu aliyepita tu. Kituku alichukua damu. Alipompima kwa mkono alikawia kidogo, akarudia. Damu iliporudi alimwita tena, akampa barua ya kwenda Mombasa kukatwa vinyama vidogo vya kuchunguzwa. Majuma yakapita. Katika majuma hayo Festus alikwenda Bura akamaliza posa, akamwomba radhi mama yake Daisy mbele ya wazee, akalitaja jina la binti sawasawa. Obadiah aliketi kando yake siku hiyo bila kumsemesha.

Kisha majibu ya Mombasa yakaja. Ilikuwa saratani.

Obadiah alipiga simu mwenyewe. "Umefurahi?" aliuliza.

"Obadiah."

"Nilikuwa mzima, Festus. Nilikuwa nabeba simenti. Umenipeleka kule ukaniletea ugonjwa." Akakata. Festus alijaribu kumpigia tena, hakupokea. Alimwambia Lois, naye akaenda jikoni. Alimpikia uji, akamkuta kauacha.

Kwa wiki kadhaa habari zilipitia kwa Rachel. Madaktari walikuwa wamesema ugonjwa haujatoka kwenye tezi, mifupa iko salama, na upasuaji unaweza kuumaliza. Lakini baada ya upasuaji kuna mambo ya mwanamume ambayo huenda yasirudi kama zamani. Rachel alilisema hilo kwa sauti ya chini. Alisema Obadiah anakaa dukani na mlango umefungwa nusu. Alisema, "Shemeji, usimwache hata kama anakutukana."

Siku ya upasuaji Festus alisafiri hadi Mombasa bila kualikwa. Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi pamoja na Rachel na Ronald. Jioni waliporuhusiwa kuingia, Obadiah alikuwa macho, midomo imekauka, mpira umening'inia kando ya kitanda. Aliwatazama wote, akamfikia kaka yake akabaki hapo.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Ronald, mtafutie baba yako mkubwa chakula. Ametoka mbali."

*

Obadiah alipopata nguvu, walifanya sala ya shukrani nyumbani kwake Mwakingali, pale Voi, alasiri ya Jumamosi. Watu walijaa mpaka uani: wateja wa simenti, wanakwaya, Hudson na watu wake wa Bura, Nzomo na wanaume kadhaa wa Rukanga waliokuja pamoja naye. Daisy, ambaye sasa alikuwa mke wa Ronald, alikuwa akigawa soda. Obadiah alikuwa amepungua, shati limemlegea shingoni. Bado mkojo ulimponyoka akikohoa, na alivaa kitambaa ndani. Lakini damu aliyopimwa mara ya mwisho ilikuwa safi, na Kituku alimtaka arudi baada ya miezi mitatu, na mitatu mingine tena.

Mchungaji alipomaliza kuomba, alimgeukia Festus aseme kwa niaba ya familia. Festus akaanza kuinuka. Obadiah akamshika mkono wa koti.

"Kaa, kaka."

Akasimama mwenyewe, taratibu, ameegemea meza. Hakuwa mtu wa kusema. Dukani alitaja tu bei na kuulizia kipimo cha nondo. Aliwatazama wanaume waliojipanga kwenye viti vya plastiki, mmoja mmoja, mpaka wengine wakaanza kuangalia chini.

"Mimi sikuwa naumwa," alisema.

Akatafuta maneno mengine.

"Asubuhi niliyokwenda kupimwa nilishusha lori zima la simenti. Sikuwa naumwa popote. Nilitaka tu mlijue hilo."

Akaketi. Hudson alikuwa ameshikilia chupa yake ya soda bila kunywa, na Nzomo alikuwa anautazama udongo katikati ya viatu vyake. Festus alikuwa na hotuba ndefu aliyoitunga njiani kutoka Rukanga, na mwanzo wake, na katikati yake, na mahali ambapo watu wangecheka. Mchungaji alipomgeukia tena, Festus alitikisa kichwa, akaomba chakula kiletwe.